Ng'ombe wanatafuna mifupa na jiwe la chumvi lipo bomani, nimekosea wapi?

mfugaji_kongwa
Wakuu habari za jioni. Nina ng'ombe 34 wa nyama, chotara wa Borani na wale wetu wa kienyeji, wanakula majani ya porini tu, mashudu siwezi bei yake mnaijua. Chumvi nawapa yale matofali mekundu ya duka la dawa za mifugo, nimelining'iniza kwenye mti pale bomani. Sasa tangu majani yakauke kuna mitamba imeanza tabia, juzi nimemkuta mmoja kivulini ameshika mfupa wa paja la mbuzi mdomoni kaulaza upande, udenda unamchuruzika mpaka magotini, namkimbiza na yeye anakimbia nao haachii. Mwingine kala kandambili ya kijana wangu ikabaki mikanda. Mzee jirani anasema hiyo hamu ya chumvi niwape magadi, dukani wananiambia niongeze tofali la pili, na kuna unga wa madini wa kiroba wanauza karibu mara mbili ya tofali. Nishike lipi? Kumbukeni nina kondoo 11 wanalala boma hilohilo.

vet_mstaafu
Hamu ya chumvi naijua, ng'ombe analamba mkojo wa mwenzake, analamba jasho la mchungaji, analamba ukuta wa jikoni. Huyo wa mfupa anatafuta madini ya fosforasi. Majani yakishakauka fosforasi inashuka vibaya mno na huko kwenye ardhi kame ndio kabisa.

Geuza tofali lako usome karatasi. Mengi ya hayo mekundu ni chumvi tupu zaidi ya asilimia 90, wekundu wake ni kutu ya chuma, na chuma ng'ombe wako anakula ya kutosha kwenye vumbi kila siku. Ukikuta fosforasi imeandikwa asilimia 1 piga hesabu, tofali gumu ng'ombe analamba labda gramu 30 kwa siku, hiyo ni fosforasi gramu 0.3 tu. Dume wa kilo 300 anayekua anahitaji kama gramu 12, majani makavu yanampa nusu yake tu ukiwa na bahati. Ukiongeza tofali la pili la aina ileile umeongeza chumvi, basi.

Halafu swali muhimu, kuna aliyekufa?

mfugaji_kongwa
Doki umenishtua. Maksai mmoja mwezi uliopita, alianza kuyumba miguu ya nyuma, kesho yake akalala chini, macho yako wazi anatuangalia kabisa, ukimvuta ulimi unatoka haurudi. Siku ya tatu akafa. Pale kijijini wakasema kimeta.

vet_mstaafu
Kimeta huwa hakikupi siku tatu za kumtazama, mara nyingi unamkuta keshakufa na damu nyeusi puani, na huyo usimpasue kamwe. Ulimi kulegea na miguu kukosa nguvu huku akili iko timamu, mimi nafikiria sumu ya mizoga, botulizimu. Bakteria wake anazaliana kwenye mzoga, ng'ombe mwenye njaa ya fosforasi anatafuna mfupa wenye masalia ya nyama, amekwisha. Afrika Kusini walihangaika na kitu hikihiki miaka mingi mpaka daktari wa mifugo Arnold Theiler na wenzake kwenye miaka ya 1920 wakaonyesha mnyororo wote, udongo hauna fosforasi, majani hayana, ng'ombe anatafuta mifupa, mifupa inamuua. Chanjo ipo, muulize afisa mifugo wako. Ila kazi ya kesho asubuhi ni kuwatuma vijana waokote kila mfupa machungani wachome na kufukia.

ole_wa_kajiado
Hio ya magadi wacha nikuambie sababu mimi nimekua nayo mlangoni. Magadi ni soda, inampa ng'ombe sodiamu sawa na ataipenda sana, lakini fosforasi hakuna, na hii ya bonde la ufa huku kwetu na huko kwenu Arusha iko na floridi mingi. Si umeona watu wa hizo sides meno ya kahawia? Ng'ombe pia, meno yanaisha mapema na mwenye hana meno hanenepi hata umwekee nini. Mimi nawapa kidogo wakati nimekosa kabisa, si kila siku.

Na usidhani ni fosforasi tu duniani. Huku Kenya kulikuwa na ugonjwa wa ng'ombe uliitwa kwa jina la Nakuru, nyasi iko hadi magotini na mnyama anakonda anakonda mpaka anakufa, kumbe ni madini ya kobalti imekosa kwa udongo, kitu kidogo hata huioni. Kwa hivyo uliza ng'ombe wa majirani wako wanaugua nini, usinunue sababu kiroba kimechorwa dume mnono.

mama_kondoo_Iringa
Samahani naingilia ila hao kondoo wamenigusa. Mwaka juzi nilinunua madini ya ng'ombe, mazuri tu, nikaweka bomani kondoo wakawa wanajilia, miezi inapita wananenepa nimefurahi. Siku moja wanne wakagoma kula, ukifungua jicho njano kama manjano ya pilau, mkojo mwekundu unaelekea weusi, siku mbili wamekufa wote wanne. Ilikuwa kopa, yaani madini ya shaba. Ng'ombe anaihitaji, kondoo inajikusanya kwenye ini kimyakimya mpaka siku inafumuka. Kama kiroba kina kopa weka juu kondoo asifike!!

chuma_ulete
Mbona mnamtia gharama, achukue mbolea ya fosfeti ya mawe achanganye na chumvi ya jikoni, fosforasi si fosforasi tu

vet_mstaafu
Hapana kaka, mawe ya fosfeti yana floridi kibao, utarudi kulekule kwa ole_wa_kajiado. Inatakiwa DCP (dikalsiamu fosfeti) ya mifugo yenyewe, ina fosforasi kama asilimia 18.

Mkuu wa Kongwa, kwa hali yako mimi ningeanza hivi. Kilo 25 za DCP na kilo 25 za chumvi ya unga, changanya kwa koleo kwenye turubai mpaka rangi iwe moja. Kila ng'ombe akila gramu 60 anapata fosforasi kama gramu 5 na nusu, ndilo pengo lako, na hao 34 wanamaliza kiroba cha 50 kwa siku 24 hivi. Kopa haimo kwa hiyo kondoo wako salama, kobalti na kopa utaongeza baadae ukiona dalili. Lakini kabla ya mchanganyiko wape chumvi tupu siku nne tano na maji ya kutosha, wasije kuvamia. Wakila kupita kiasi ongeza chumvi, wakisusa nyunyiza pumba juu. Weka chini ya kibanda karibu na maji, mvua ikilowanisha DCP inaganda kama saruji.

Na nikuambie ukweli, kiangazi hiki usitegemee wanenepe kwa madini, majani hayana protini. Faida ya uzito utaiona masika wanapokua, sasa hivi unazuia vifo. Wengi wanakatisha mvua zikinyesha eti majani yapo, hapo ndio wanapotupa hela.

mfugaji_kongwa
Nimeenda na tochi kusoma lile tofali. Sodiamu asilimia 38, chuma kipo, zinki kidogo, fosforasi haijaandikwa popote. Nimelamba mimi mwenyewe, chumvi ya jikoni kabisa. Vijana wameokota mifupa kiroba kizima na bado upande wa korongoni. DCP hapa Kongwa sijaiona naagiza Dodoma mjini Jumatatu, kuna mtu ana tairi la lori lililokatwa nifanyie kihori?