Je, sintesaiza ya moduli yafaa kufufuliwa Lamu?

Muulizaji, Lamu:
Asalaam aleikum ndugu zangu. Napiga kinanda katika taarabu, na natamani kujenga upya sintesaiza ya moduli, yaani ala ya umeme ya kuunda sauti iliyogawanywa katika vipande (moduli) viunganishwavyo kwa nyaya, mfano wa zile alizoanza kuziunda Robert Moog mwaka 1964. Je, itastahimili hewa ya bahari?

Jibu, Lamu:
Kaka, chumvi huzila soketi za nyaya hadi sauti ikakatikakatika, kwa hiyo ifunike kila umalizapo. Anza na moduli ndogo za Eurorack, muundo wa kisasa wa ala hizi, kwani zile za kale ni nzito na ghali mno.

Jibu, Malindi:
Mimi naipenda kwa sababu volti ya umeme ndiyo huongoza kimo cha sauti, na volti moja hubeba oktavu nzima pasipo mipaka ndani yake, hata robo toni (nusu ya nusu toni) za maqamu, yaani mizani ya muziki wa Kiarabu, zisizo na vibonye vyake kwenye kinanda cha kawaida, huzipata kwa kurekebisha volti kidogo tu. Ila mabadiliko ya joto huipotosha sauti. Kwa hiyo iwashe mapema ili ipate joto na kutulia kabla ya kupiga.