Acheni kulifanya jina Mwajuma kuwa tusi. Nimechoka!

Wakuu, naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaanza kunirushia maneno. Naitwa Mwajuma. Ndilo jina lililo kwenye cheti changu cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa na mlango wa ofisi ninayofanyia kazi ya uhasibu. Nimevumilia miaka mingi, leo sivumilii.

Jumanne iliyopita nilimpeleka binti yangu hospitali, kifua kilikuwa kinambana. Tukakaa kwenye benchi muda mrefu tu. Nesi akatoka na faili, akaita kwa sauti: "Mwajuma! Mama mtoto, Mwajuma!" Nikasimama. Nyuma yetu walikaa vijana wawili, mmoja akamwambia mwenzake, "Ndalandefu huyo." Wakaangua kicheko, halafu wakainama kabisa, wanaangalia nimevaa nini miguuni. Wale ningewasamehe, dunia ina watu wa kila namna. Lakini mwanangu, ana miaka tisa, naye akashusha macho akaangalia miguu yangu. Usiku nampa dawa, ananiuliza: "Mama, kwani huwezi kubadilisha ukaitwa Aisha?"

Sikuwa na jibu. Nilimfunika shuka nikatoka nje kulia.

Kwa wasiokaa Bongo, "Mwajuma Ndalandefu" ndilo jina watu walilompa mwanamke wa uswahilini: hajasoma, mdaku, ana kelele, khanga kiunoni, anagombea foleni ya ndoo bombani. Mtu akitaka kumdharau mke wa mwenzake anasema kaokota Mwajuma. Dada akiongea kwa sauti kwenye daladala, anaambiwa aache u-Mwajuma. Humu humu ndani nimesoma mara ngapi "hao akina Mwajuma wenu"? Na kuna dharau nyingine inayokuja imevaa nguo za sifa. Mfanyakazi mwenzangu aliniambia, tena anatabasamu, "Dada Mwajuma wewe uko tofauti, hufanani na jina lako." Alitaka nimshukuru.

Sasa nawauliza, Juma amekosa nini? Hakukosa kitu. Juma yumo kwenye hesabu za darasa la pili, ana machungwa matano, anampa mwenzake mawili. Juma anaweza kuwa fundi, mbunge, shehe, mwalimu, na hakuna anayeinama kutazama viatu vyake. Juma na Mwajuma ni jina moja, siku moja: mtoto aliyezaliwa Ijumaa. Wa kiume akabaki mtu, wa kike akageuzwa kituko. Nielezeni tofauti iko wapi kama si kwamba huyu ni mwanamke.

Na siku yenyewe ni Ijumaa, jamani! Neno lenyewe asili yake ni Kiarabu, linatokana na kukusanyika, na ukoo wake ndio huo huo tuliopatia jamaa, jamii na jumuiya. (Jumla halimo humo, hilo lina ukoo wake mwingine, msichanganye.) Hata Jumamosi na Jumapili zimehesabiwa kuanzia hapo: mosi baada ya Ijumaa, pili baada ya Ijumaa. Mbele ya Juma pakawekwa "mwana", na pwani hii Mwana lilikuwa neno la heshima kwa bibi mkubwa. Mwana Kupona wa Pate, aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858, mnadhani hilo Mwana lake lilikuwa la kuchekesha? Hilo hilo ndilo lililo kwangu, kwa Mwanahamisi, kwa Mwanaidi.

Ghana mtoto wa kiume wa Ijumaa anaitwa Kofi. Kofi Annan alizaliwa Ijumaa, tarehe 8 Aprili 1938, akawa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 1997 hadi mwisho wa 2006. Kwetu sisi kofi ni la shavuni, lakini redio zote zilimtaja kwa heshima miaka kumi. Jina la Mghana tuliliheshimu, la bibi zetu wenyewe tunalikanyaga.

Na msiniambie ni utani. Utani una pande mbili, mimi natania nawe unatania. Hapa anayechekwa siku zote ni mmoja: mwanamke maskini wa pwani. Mkoloni aliigawa Dar es Salaam ikawa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, kila watu na upande wao, mwenyeji akapewa upande wa mwisho. Mkoloni kaondoka, sisi tumebaki na neno lake, tukaligeuza tusi: "acha uswahili", "huyo mswahili sana", maana yake mjanja, mwongo, asiye na ustaarabu. Halafu hilo tusi tukalitafutia sura na jina, tukamchagua Mwajuma.

Kenya walilitupa jina la Wanjiku, jina la kawaida la wanawake wa Kikuyu, namna hiyo hiyo. Miaka ya 1990 watu wanadai katiba mpya, Rais Moi akauliza Wanjiku anajua nini kuhusu katiba. Wakenya wakalishika jina hilo kwa nguvu, Wanjiku akawa ndiye mwananchi, mwenye nchi yake. Katiba ikapatikana 2010, na hadi leo mwanasiasa akitaka kuonekana yuko upande wa watu anamtaja Wanjiku kwa adabu. Kwa nini sisi tushindwe?

Mwajuma niliyerithi jina lake ni bibi yangu, mama yake baba. Alikuwa anakaanga samaki Mtoni, Temeke, na kwa samaki hao alisomesha watoto watano. Ndiyo, alivaa ndala. Nazikumbuka, za bluu, kisigino kimelika mpaka ukiziinua unaona mwanga upande wa pili. Mkanda wa mguu wa kulia ulishang'oka, akaufunga kwa waya kwa chini, na ule waya ulikuwa unaacha mstari kwenye vumbi kila anapopita. Sisi wajukuu tukiuona mstari tunajua bibi amesharudi sokoni, tunakimbia kumpokea kapu. Hakununua nyingine mpaka baba alipomaliza chuo. Hizo ndizo ndala mnazozicheka.

Jina sibadilishi. Mwanangu nimeshamweleza habari za yule waya, na jana aliniomba nimweleze tena.

Na wewe uliyeandika juzi kwenye uzi wa mahari kwamba "Mwajuma halipiwi zaidi ya mikeka miwili", nimekuona, na wengi mmempa like. Jibu hapa hapa mbele ya watu: bibi yako anaitwa nani?