Mjadala: Programu ya Windows ndani ya Wine irithi vigeu vyote vya mazingira, au vile tu tulivyovitaja?

Mleta mada

Wakuu, nina hoja, na msimamo wangu nautanguliza ili asiyekubali ajue pa kunishikia: Wine isipitishe kigeu chochote cha Linux kwenda kwa programu ya Windows mpaka mwenye kompyuta awe amekitaja kwa jina.

Kwa asiyeifahamu, Wine ndiyo inayoendesha programu za Windows juu ya Linux bila kusakinisha Windows yenyewe. Ilianza mwaka 1993 na ikafika toleo la 1.0 Juni 2008, miaka 15 baadaye. Vigeu vya mazingira navyo ni yale majina yenye thamani, LANG, PATH, HOME na wenzake, ambayo kila mchakato huyarithi kutoka kwa mchakato uliouzaa. Utaratibu huu ulikuja na toleo la 7 la Unix, mwaka 1979. Siku hizi watu wanaweka humo tokeni, nywila za hifadhidata na funguo za huduma za wingu, mimi nikiwemo.

Fungueni teminali mjaribu hili:

export SIRI_YANGU=abc123
wine cmd /c set

Amri ya pili inaiomba cmd ya Windows iorodheshe vigeu vyake vyote. Shukeni hadi herufi S. SIRI_YANGU imekaa pale pale, pamoja na kila kitu kingine mlichokuwa nacho kwenye teminali. Angalieni pia PATH: hiyo ni ya Windows, inaanzia C:\windows\system32, kwa sababu Wine inaizuia ile ya Linux mlangoni. TEMP na TMP vivyo hivyo. Kwa hiyo mlango wenye bawabu tayari upo. Bawabu huyo ana orodha fupi ya wanaokataliwa, na wengine wote anawapitisha bila kuwauliza.

Microsoft, kwenye WSL (njia yao ya kuendesha Linux ndani ya Windows), wamefanya kinyume. Ukiwa upande wa Linux ukaita programu ya Windows, kigeu chako hakivuki mpaka ukiandike ndani ya kigeu kingine kiitwacho WSLENV, majina yakitenganishwa kwa nukta mbili. Unaongeza /p ikiwa thamani ni njia ya faili inayohitaji kutafsiriwa, au /w ikiwa unataka kivuke kuelekea Windows tu. Kisipotajwa hakiendi.

Nawapa na yaliyonikuta. Nilikuwa na programu kongwe ya biti 32, nikaifanyia folda yake ya Wine, halafu kwa uvivu nikaandika haya ndani ya ~/.profile, faili linalosomwa kila ninapoingia kwenye kompyuta:

export WINEPREFIX=$HOME/.wine-kongwe
export WINEARCH=win32

Mstari wa kwanza unaiambia Wine itumie folda ipi, wa pili kwamba folda hiyo ni ya biti 32. Ilikwenda vizuri kama miezi miwili. Siku nikasakinisha programu nyingine, ya biti 64, kisakinishi kikagoma: mfumo huu ni wa biti 32. Nikakumbuka mstari wa WINEPREFIX, nikaufuta, nikatoka nikaingia upya. Mara hii Wine yenyewe ikaja juu kwamba ~/.wine ni usakinishaji wa biti 64 na hauwezi kutumiwa na wineserver ya biti 32. Mstari wa WINEARCH ulikuwa bado umekaa chini yake unanitazama. Jioni nzima ikapotea kwa kitu nilichokiandika mwenyewe na kukisahau. Ndiyo maana nasema kurithi kimyakimya ni kubaya.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, heshima yako, ila umechanganya mambo mawili na usiposahihishwa mapema mjadala utapotea njia.

Kisa chako cha WINEARCH hakihusiani na hoja yako. WINEPREFIX, WINEARCH, WINEDEBUG na WINEDLLOVERRIDES zinasomwa na Wine yenyewe inapoamka. Hata orodha yako ingekuwepo, isingekuokoa, maana kosa halikuwa kwamba programu ya Windows ilirithi kitu. Wine ilitii ulichoiamuru. Ulipaka rangi nyumba nzima kwa ajili ya chumba kimoja.

Nije kwenye siri. Unataka bawabu mkali kwenye mlango wa nyumba isiyo na ukuta. Wine haifungii programu popote. Kwa kawaida inaipa diski ya Z:, na Z: ni mzizi wa Linux yako yote. Programu ikitaka kukuibia haihitaji SIRI_YANGU, itaingia Z:\home, ichukue folda ya .ssh, yenye funguo zako za kuingilia seva, na faili zote za kivinjari chako. Hata vigeu vyenyewe, kiini (kernel) cha Linux kinavionyesha kwenye /proc, kwa michakato yote ya mtumiaji huyo huyo. Programu usiyoiamini iendeshe kwa mtumiaji mwingine, au ndani ya mashine pepe.

Na mfano wa WSL haulingani. WSL 2 ni kiini kamili cha Linux ndani ya mashine pepe, kwa hiyo kuvusha kigeu ni kuvuka mpaka halisi, lazima mtu aamue nini kivuke. Programu ndani ya Wine ni mchakato wa Linux kama mwingine wowote. Kurithi kwake ni tabia ya mfumo, na Wine ikiizuia itakuwa imeongeza sheria ya kwake peke yake. Anayetaka kuficha kitu ana env:

env -u SIRI_YANGU wine programu.exe

Mstari mmoja, na ni wa mwenye kutaka. Kwa nini wengine wote tuandike orodha?

Mchangiaji wa pili

Nakazia. Sisi wa michezo tutaumia kwanza. Tunatumia DXVK, inayotafsiri michoro ya michezo ya Windows. Leo naandika DXVK_HUD=fps naona kasi ya picha kwenye kona. Orodha ikija itabidi niitaje, na kesho DXVK ikitoa kigeu kipya nakitaja tena. Kwenye Steam, duka la michezo lenye Wine yake iitwayo Proton, tumezoea sehemu ya kuandika mambo ya uzinduzi, PROTON_LOG=1 %command%, basi, kumbukumbu inaandikwa. Msituharibie.

Mleta mada

Mchangiaji wa kwanza, kwenye kisa changu umenipata, nakubali. Nilikuwa na hasira ya jambo moja nikaitumia kutetea jingine. Nitalirudia chini, kwa sababu lina fundisho lake, ila si hili la orodha.

Kwenye env -u sikubali. Ili nifiche kwa njia hiyo lazima nijue leo kila jina la siri nililo nalo, pamoja na yale yaliyowekwa na skripti za watu wengine. Kuitaja LANG ni rahisi kuliko kukumbuka tokeni kumi na mbili. Na Z: unaiweza: unaiondoa kwenye winecfg, dirisha la mipangilio ya Wine, au unafuta kiungo chake ndani ya folda ya dosdevices. Najua programu iliyoandikwa kwa makusudi ya kuvuka Wine itavuka hata bila Z:. Ila ninayemhofia zaidi ni programu halali yenye uzembe: inaanguka, inakusanya ripoti ya hitilafu, inaweka humo vigeu vyote vya mazingira na kuituma kwa mtengenezaji. Hiyo haina haja ya kupekua .ssh, inabeba ilichokabidhiwa mkononi.

Tena hofu kwamba orodha itavunja kila kitu imekuzwa. Wine inaishi pande mbili ndani ya mchakato mmoja. Upande wa Unix una mazingira yake, na upande wa Windows unatengenezewa nakala yake mchakato unapoanza. DISPLAY, kwa mfano, inasomwa na upande wa Unix, ndio unaozungumza na skrini, kwa hiyo kuizuia isiingie kwenye nakala ya Windows hakuzimi dirisha lolote. Mchangiaji wa pili ndiye mwenye malalamiko ya kweli: DXVK ni DLL (maktaba ya msimbo) ya Windows, inauliza kigeu chake kwa njia ya Windows, na orodha ingeigusa. Basi DXVK_ iingizwe kwenye orodha ya kuanzia kwa herufi zake za mbele, tumemaliza. Hata bawabu wa leo anawakataa baadhi kwa herufi za mbele.

Mchangiaji wa tatu

Mimi kazi yangu ni kusaidia watu ambao kompyuta kwao ni chombo cha kazi tu, na naona nyote mnagombania mlango wakati watu wanaumia sebuleni.

Juzi mtu kaniletea malalamiko: kila akibadili mpangilio wa d3d11, DLL ya michoro, ndani ya winecfg hakuna kinachobadilika. Nimeangalia faili lake la .bashrc, nikakuta:

export WINEDLLOVERRIDES="d3d11=n,b"

Maana yake ni: tafuta kwanza d3d11 iliyoletwa kutoka nje, n, ikikosekana tumia ya Wine yenyewe, b. Alinakili mahali, hakumbuki wapi. Kigeu hiki kinasomwa kabla ya rejista (hifadhi ya mipangilio ya mtindo wa Windows), na winecfg inaandika kwenye rejista. Kwa hiyo alikuwa anazungusha usukani usioungana na magurudumu. Kibaya zaidi, akibofya ikoni kwenye eneokazi mpangilio wa winecfg unashika, kwa sababu .bashrc inasomwa na teminali tu. Programu moja, folda moja ya Wine, tabia mbili kutegemea ameifungulia wapi. Mweleze mtu wa uhasibu hilo.

Msimamo wangu: mipangilio ya kudumu iwekwe kwenye rejista ya folda husika. Kigeu ambacho programu ya Windows inakihitaji kila siku kinakaa HKEY_CURRENT_USER\Environment, kama kwenye Windows yenyewe. Ukihamisha folda kwenda kompyuta nyingine kinahama nayo. Vigeu vya teminali viwe vya kuchunguzia tu: WINEDEBUG=+relay unapotafuta tatizo, ukimaliza funga teminali vipotee. (Na +relay msiisahau ikiwa imewashwa. Inaandika kila mwito wa kila kazi ya DLL, programu inatembea kama kobe.)

Mchangiaji wa kwanza

Hapo nakubaliana na wa tatu kwa asilimia kubwa, isipokuwa WINEPREFIX. Hiyo haiwezi kukaa kwenye rejista, kwa sababu ndiyo inayosema rejista iko wapi.

Mleta mada

Na hapo ndipo nilipotaka kurudi. Fungueni faili la menyu ambalo Wine inaliandika yenyewe mnaposakinisha programu, lile la .desktop. Mstari wa Exec unaanza hivi:

Exec=env WINEPREFIX="/home/...

Wine yenyewe haitegemei .profile yako. Inakifunga kigeu kwenye ikoni ya programu husika, kinaanza nayo na kuisha nayo. Lutris na Bottles, programu za kusimamia Wine, nazo zina sehemu ya kuandika vigeu vya kila programu peke yake. Steam tumeshaisikia. Ningefanya hivyo tangu mwanzo, ile jioni ingebaki yangu.

Kwa hiyo nagawa hoja yangu vipande viwili. Cha kwanza, kwamba vigeu vya WINE visiwekwe .profile wala .bashrc, sioni humu anayekipinga. Cha pili, cha orodha, nakishusha kidogo: iwe hiari, ya kuwashwa kwa kila folda ya Wine, kwa chaguo-msingi imezimwa. Mwenye michezo asiiguse. Mwenye tokeni aiwashe.

Mchangiaji wa kwanza

Ikiwa hiari sina ugomvi nayo. Ila nakuuliza kabla hujaenda kuipendekeza: majina utayalinganisha vipi? Linux inatofautisha http_proxy na HTTP_PROXY, na wengi wana zote mbili, mara nyingine zenye thamani tofauti. Kwa Windows hayo ni jina moja. Ukiandika moja kwenye orodha, ipi inavuka?

Mleta mada

Hilo sikuliwaza. Ningesema iliyoandikwa vile vile, herufi kwa herufi, na nyingine ibaki nje. Lakini nipe hadi kesho, nijaribu kwanza kuona Wine inafanya nini leo zikiwepo zote mbili, nitaleta hapa matokeo ya set.