Mtu akisema "ndiyo, tutajitahidi" anamaanisha nini?

Wakuu naombeni msaada, nafanya kazi mtandaoni na watu wa nchi tofauti, juzi nimemuuliza mwenzangu kwenye kikao kama ripoti itakuwa tayari Ijumaa akajibu "ndiyo, tutajitahidi", Ijumaa imefika hamna kitu na bosi nshamuahidi. Ni uongo au ni utamaduni?

Jibu 1: Sio uongo mkuu. Edward T. Hall, mwanaanthropolojia wa Marekani, alishaeleza hili tangu 1976, kuna jamii neno ndo kila kitu na kuna zingine maana iko kwenye ukimya, sauti, nani yupo kikaoni. Hiyo ni hapana ya heshima. Mfuate inboksi umuulize kimebaki nini.

Jibu 2: Angalia na kalenda ya dini. Sisi tulipanga vikao jioni mwezi wa Ramadhani, wenzetu wamefunga wanasubiri kufuturu, wako kimya tukadhani hawajali, iliniuma sana nilipojua.

Jibu 3: Na siasa jamani. Uturuki walifungia Wikipedia lugha zote kuanzia Aprili 2017 mpaka Januari 2020, kipindi kile ukimtumia mtu wa huko linki ya Wikipedia haifunguki, na wengine hata kulitaja hilo kwenye grupu wanaogopa. Tuma faili lenyewe.

Muulizaji: Kweli nilimuuliza mbele ya wote. Namwandikia sasa hivi.