Wameng'oa madirisha ya zamani, wakajaza mawe saruji, halafu wakaleta ankara ya "ukarabati"

Wakuu, mtanivumilia kwa urefu. Naandika huku mikono inatetemeka kwa hasira.

Tumerithi nyumba ya mawe yenye zaidi ya miaka mia moja. Tukampa kazi mkandarasi mmoja, jina lake naliacha. Makubaliano tuliyaandika: madirisha ya mbao yatengenezwe, yasibadilishwe, na maungio ya mawe yaliyolegea yajazwe upya kwa chokaa. Nikaenda msibani siku nne. Narudi nakuta matundu tisa ukutani, fremu zimekatwa kwa msumeno na kurundikwa kama kuni, vioo vimesagika, na ukuta unaopigwa na mvua umeshajazwa saruji. Msimamizi ananiambia, "Mzee, tumekusaidia, zile zilikuwa zimeoza."

Hazikuwa zimeoza! Kabla ya kazi nilizipitia moja moja nikizichoma kwa bisibisi. Zilizooza ni vizingiti vya chini kwenye madirisha matatu na ncha za miimo yake, basi. Maji hutuama hapo, na dirisha la mbao huanza kuoza hapo. Seremala anayejua kazi yake hukata sehemu iliyooza mpaka afike kwenye mbao nzima, akaunga kipande kipya cha mti wa aina ileile, nyuzi zikienda upande mmoja. Hakuna sababu ya kutupa fremu nzima kwa ajili ya kipande cha urefu wa kiganja. Na mbao yenyewe ilitoka kwenye mti uliokua taratibu, pete zimebanana, nzito mkononi. Nyingi zinazouzwa leo ni za miti iliyoharakishwa shambani. Wameharibu kitu ambacho hawawezi kukinunua tena.

Kinachoniuma zaidi ni sababu walizotoa. Madirisha yetu ni yale ya kupandisha na kushusha: ndani ya fremu kuna vyuma vizito vinavyoning'inia kwa kamba iliyopita kwenye kapi, ili uzito wa chuma ulingane na wa dirisha, hata mtoto alipandishe kwa mkono mmoja. Wanasema manne "yalikufa" kwa sababu hayafunguki. Mawili yalikuwa yamegandishwa na rangi iliyopakwa tabaka juu ya tabaka. Mawili kamba zilikatika. Kamba! Mtu anang'oa dirisha zima kwa sababu ya kamba, na vile vyuma anavitupa pamoja na kifusi!

Na vioo? Vioo vya zamani vilipulizwa kwa pumzi ya mtu hadi vikawa kama chupa ndefu, zikapasuliwa na kulainishwa kwa moto mpaka zikalala bapa. Ndiyo maana vina mawimbi na viputo, na mwanga unavyopita hucheza ukutani. Kioo cha leo humwagwa kikiwa uji juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, njia ambayo Pilkington wa Uingereza waliitangaza mwaka 1959, nacho hutoka kimenyooka kabisa. Fundi wao mmoja akanifundisha kwamba vile vya zamani viliharibika kwa sababu kioo "huteremka" kadiri kinavyozeeka. Si kweli. Kutolingana kwa unene kulitokana na kupulizwa, kilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza.

Sasa saruji. Hapa naomba kila mwenye nyumba ya mawe asome taratibu. Ukuta wa zamani hauzuii maji yasiingie kabisa. Huyapokea kidogo kisha huyatoa kwa kupumua kwenye maungio. Chokaa ni laini kuliko jiwe na hupitisha mvuke, hivyo unyevu hutokea pale, chumvi hutokea pale, na kinacholika miaka ikipita ni chokaa ambayo unaikwangua na kujaza upya. Chokaa hujitoa mhanga ili jiwe lipone. Saruji, hii ya Portland aliyoisajilia hataza Joseph Aspdin mwaka 1824, ni ngumu na imeziba. Ukijaza nayo maungio ya jiwe laini, unyevu unakosa njia na unalazimika kutokea kwenye jiwe lenyewe. Chumvi inaganda chini ya ngozi ya jiwe, inavimba, na uso wa jiwe unabanduka vipande vipande. Mwisho maungio ya saruji yanabaki yamechomoza na mawe yamerudi ndani. Hilo huchukua miaka, na mkandarasi anakuwa ameshalipwa na kusahau.

Msidhani ni makosa ya mafundi wadogo tu. Pale Athens, kwenye hekalu la Parthenon, mhandisi Nikolaos Balanos aliunganisha marumaru kwa vyuma mwanzoni mwa karne ya 20. Wajenzi wa kale nao walitumia vyuma, lakini walivimiminia madini ya risasi yaliyoyeyuka ili visipate kutu. Yeye hakufanya hivyo. Vyuma vikaota kutu, vikavimba, vikapasua marumaru iliyokuwa imesimama zaidi ya miaka elfu mbili. Mafundi wa baadaye wamekuwa wakivitoa na kuweka titani.

Msimamizi anajitetea kwamba madirisha mapya yatazuia upepo. Upepo ulipita kwenye nyufa! Ungeweka ukanda wa kuziba nyufa, ungebadilisha puti iliyokauka, ile inayoshika kioo, kwa puti ya mafuta ya kitani na unga wa chaki, na kama bado hairidhishi, ungeongeza kioo cha pili upande wa ndani bila kugusa cha zamani. Nilimwambia yote haya kabla. Yameandikwa kwenye karatasi aliyotia saini.

Nimesimamisha kazi na sijalipa ankara. Madirisha matano yaliyobaki nimeyafungia mbao mwenyewe. Vile vyuma vizito vya madirisha nimeviokota kwenye kifusi, kumi na moja kati ya kumi na nane. Jana kijana wao alikuja na grainda eti akwangue ile saruji. Nikamfukuza, kwa sababu grainda ikiteleza inakata kingo za jiwe na kingo hazirudi.

Aliyewahi kuitoa saruji kwa patasi na nyundo anieleze: nianze sasa kabla haijakomaa, au nijaribu kwanza kipande kidogo kuona kama inabanduka bila kuvuta uso wa jiwe?