Wauza spea wa Kariakoo, acheni kutuuzia kapasita za maji mkituambia ni polima!!

Wakuu salamu baadaye, leo nimevurugwa. Kwa asiyejua, kapasita ni vile vikopo vidogo kwenye bodi vinavyotuliza umeme; za maji zina majimaji ndani, polima ni kavu.

Mimi fundi kompyuta, mwaka wa 9 huu kibanda changu kipo Mbagala na wateja wangu wengi ni watu wa steshenari na vijana wa vyuo, siyo watu wa kununua mashine mpya kila siku. Mwezi uliopita mama mmoja wa steshenari akaniletea desktop yake ya soketi 775 (zile za prosesa za Intel za zamani), inajizima na kuwaka yenyewe akianza tu kuprinti. Nafungua kesi, kapasita 5 pembeni ya prosesa vichwa vimevimba, mbili zimeshatoa maji ya kahawia yameganda pale juu kwenye ule mkato wa kupumulia. Zilikuwa za maji, 1500uF (uwezo wa kutunza chaji) 6.3V (mwisho wa volti inazohimili). Nikamwambia mama hapa narudishia polima, zile solidi, ukitoka hapa umesahau huu ugonjwa.

Na sikukurupuka. Laini ya prosesa pale inatembea chini ya volti 1.4 kwa hiyo polima ya 2.5V inatosha na chenji inabaki, na 820uF ya polima inaziba nafasi ya 1500 ya maji kwa sababu pale kinachotafutwa hasa ni ESR ndogo (ukinzani wa ndani ya kapasita) na uwezo wa kubeba ripo (umeme unaopanda na kushuka haraka), siyo namba kubwa ya uF. Polima halali ya saizi ile ina ESR kama miliomu 7. Upana milimita 8, miguu imeachana 3.5, inakaa kwenye matundu yale yale bila kupinda kitu. Nilijua ninachokitaka kabla sijapanda daladala.

Naenda Kariakoo, duka sitalitaja. Namuuliza jamaa, bosi hizi polima kweli? Ananijibu "fundi hiyo orijino kabisa, Japani hiyo, angalia kichwa." Kweli kichwa kimelala bapa, hakina mkato, kina rangi ya bluu nusu na jina la kampuni kubwa ya Japani. 1,500 moja. Nikachukua 10.

Wiki 3 tu mama karudi, tena na mteja wake kasimama naye anadai kazi yake ya kuprinti, mashine haiwaki kabisa. Wakuu mnajua ile aibu? Nagusa kapasita nilizofunga mwenyewe, tatu zimenyanyuka chini, mpira umesukumwa nje. Polima gani inafanya hivyo ndani ya wiki 3?

Zilikuwa zimebaki 5 mpya kwenye mfuko nikazitia kwenye mita. Imeandikwa 820, mita inasoma 430. ESR omu 0.10, yaani miliomu 100. Nikang'oa polima moja kwenye mazabodi bovu la zamani lililokuwa stoo miaka, mita ikasoma omu 0.01!! Nikachukua plaisi nikapasua ile mpya. Karatasi imelowa, maji yananuka kama samaki aliyelala, yaani ni kapasita ya kawaida ya maji imepakwa rangi kichwani. Polima ukiipasua ni kavu, hakuna cha kulowa mle.

Sasa kuna mtu atasema miliomu 7 na miliomu 100 zote ni ndogo tu, kelele za nini. Haya piga hesabu. Kapasita ikipitisha ripo ya ampia 3, ya miliomu 7 inapata joto la wati 0.06. Hii ya duka inapata wati 0.9, ndani ya kikopo cha upana wa milimita 8 kilichobanwa karibu na hitsinki (chuma cha kupoza) ya prosesa. Inachemka mpaka inakauka. Polima iliyoandikwa kudumu saa 2000 kwa nyuzi 105 ukishusha joto mpaka 65 kwa hesabu za watengenezaji unapata saa 200,000, ya maji yenye saa hizo hizo unapata 32,000, na hapo ni ya maji iliyo halali siyo takataka hii. Ndiyo maana tunalipa bei ya polima!

Nimerudi dukani jamaa ananiambia nimeziunguza na solda. Zile 5 ambazo hazijawahi kuguswa na solda nazo niliziunguza?

Na nyie mafundi wenzangu mnaonunua kwa kuangalia uF na volti tu mkaondoka, mnawalea hawa watu. Juzi kwenye grupu kijana kaambiwa na mkongwe afunge 6.3V upande wa kuingia 12V "kwa sababu polima ni imara", ikalipuka akiwa ameinamia. Pale ni 16V, hakuna mjadala. Na mwingine anajaza polima kila tundu la bodi, wakati kuna regileta (vifaa vya kurekebisha volti) nyingine ndogo zinahitaji ESR kidogo ili zitulie, ukiiondoa yote zinaanza kuyumba halafu unasingizia rami. Angalia kwanza ile kapasita inalisha nini.

Mimi kwa sasa bora niing'oe polima kwenye bodi iliyokufa na kuipima kuliko hizi "mpya". Kazi ni ngumu, bodi inanyonya joto kwa hiyo naipa chuma cha solda cha wati 60 na solda mpya kidogo ndiyo inaachia, lakini angalau najua nafunga nini.

Mama nimemrudishia hela yake yote na mashine bado iko mezani kwangu. Kesho naenda tena dukani na mita yangu, nampimia pale pale kaunta mbele ya wateja wake.

Mwenye polima za kweli 820uF 2.5V upana 8 aje inboksi, nataka 5, nazipima kabla sijalipa. Mama anakuja Alhamisi.