Lamineti au vinaili? Nyumba iko Kigamboni, mama ameteleza kwenye marumaru

Mjenzi wa Kigamboni
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri kabla sijatoa hela. Mama yangu amehamia kwangu, umri umeenda na magoti yanamsumbua, sasa juzi ameteleza sebuleni, palikuwa na maji kidogo tu ya kudekia, namshukuru Mungu aliangukia kwenye kochi ila mkono umevimba mpaka leo. Tangu siku ile naogopa hata kutoka nyumbani nikamwacha peke yake.

Sebule nilipiga marumaru zile za kung'aa, ni mita 4.5 kwa 5. Chumba chake na cha watoto bado ni sakafu ya niru tu. Nataka nifunike kote na kitu kisichoteleza na kisicho baridi miguuni. Nimezunguka madukani kuulizia hizi sakafu za kutandika, lamineti ya mfano wa mbao na vinaili ya plastiki, kila muuzaji anasifia cha kwake, mmoja lamineti ndo mbao yenyewe, mwingine lamineti imepitwa na wakati chukua vinaili, ukimuuliza kwa nini anakwambia hii ndo ya kisasa. Nyumba haiko mbali na bahari, ukuta wa chumba cha mama kwa chini rangi inabanduka na kunatoka unga mweupe, sijui kama inahusiana. Msaada tafadhali.

Kaka Mkubwa Tbt
Mkuu ng'oa hizo weka marumaru za kukwaruza zile hazing'ai, umemaliza. Hizo plastiki na maboksi ni kupoteza pesa.

Mjenzi wa Kigamboni
Asante kaka, nimewaza hilo ila kung'oa ni vumbi la wiki nzima na mama ana kifua, na baridi ya marumaru asubuhi ndo inamuumiza magoti.

Mama Wawili
Pole sana kwa mama, mpe shikamoo yangu. Mimi nakuja na ya lamineti kwa sababu nimeishi nayo Mbezi na imenitoa machozi. Mwaka wa kwanza na wa pili ilikuwa nzuri jamani kila mgeni anauliza umenunua wapi. Tatizo ni kudeki. Sisi tunadeki kwa ndoo, maji yanamwagwa, dekio linapita, na dada wa kazi alikuwa anafanya vile alivyofundishwa kwao na mimi sikumwambia tofauti kwa sababu hata mimi sikujua. Maji yanaingia kwenye maungio kidogo kidogo, ndani ya ule ubao ni unga wa mbao ulioshindiliwa, ukinyonya maji unavimba na haurudi tena hata uanike vipi. Ukipitisha kiganja unahisi vituta kila penye ungio, halafu ile picha ya juu inaanza kumenyeka pembeni kama ngozi. Na cha mwisho ndo kiliniua nguvu, niliinua ubao mmoja karibu na mlango wa nyuma nikakuta udongo wa mchwa umetanda chini yake, wameshakula ubao wa pili na wa tatu na juu huoni kitu. Kwa mahali pa mchwa na kwa nyumba ya kudeki kwa maji mengi mimi siishauri kabisa.

Fundi Sakafu
Mjenzi pole kwa mama. Naweka hizi sakafu kila siku, nakwambia ninavyoona site.

Kwanza usilinganishe majina, maana vinaili ni vitu vitatu. Kuna ya roli kama mkeka, kuna vipande vyembamba vya 2mm au 3mm vya kugundisha, na kuna SPC ya kubana kwa kliki, yaani vipande vinashikana pembeni, ambayo ndani ina unga wa mawe umechanganywa na plastiki, unene 4mm mpaka 6mm hivi. SPC haivimbi kwa maji na mchwa hana cha kula pale. Lamineti ni kama dada alivyoeleza, ila kwa ugumu wa sehemu ya juu lamineti nzuri inastahimili mikwaruzo kuliko vinaili nyingi, angalia kwenye boksi imeandikwa AC ngapi, ndo kipimo cha kustahimili mikwaruzo, kwa nyumbani AC3 inatosha na AC4 ni nzuri zaidi. Kwa vinaili uliza tabaka la juu la kulinda ni milimita ngapi, 0.3 ni ya chumbani, sebule yenye watoto tafuta 0.5. Wauzaji wengi watakutajia unene wote wa ubao tu na hili la tabaka la juu hawaligusi kabisa, na ndo linaloamua sakafu itadumu miaka mingapi.

Kuhusu kuteleza, usidanganywe, hata vinaili ikilowa inateleza kama ni laini. Chukua yenye mistari unayoisikia kwa vidole. Ukiwa dukani omba kipande, mwagia maji kidogo, sugua na soli ya ndala aliyozoea mama. Na kile kipande cha lamineti kiweke kwenye ndoo ya maji usiku mzima, asubuhi pima pembeni, utaamua mwenyewe.

Juu ya marumaru SPC inakaa vizuri kama hakuna iliyolegea. Gonga kila moja, ikilia kama debe tupu itoe uijaze. Sakafu isiwe na bonde zaidi ya 3mm kwenye rula ya mita 2, vinginevyo kliki zitakatika ukitembea. Acha nafasi ya 8mm kuzunguka ukuta wote, sketingi, ule ukingo wa chini ya ukuta, itaficha, maana fundi akisukuma ubao mpaka ukutani sakafu itajibinua katikati siku ya joto. Kama SPC ina sponji yake kwa chini usiongeze nyingine. Na milango itarandwa chini, kumbuka hiyo kwenye bajeti. Sebule yako ni skwea mita 22.5, ongeza asilimia kumi ya vipande vya kukata, nunua ya 25.

Sasa lile la unga mweupe. Mkuu hilo ndo jambo lako kubwa kuliko lamineti na vinaili zote. Ni chumvi inapanda na unyevu kutoka chini, maana yake sakafu ya chumba cha mama inawezekana inapumua maji. Kata nailoni ya sentimita 60 kwa 60, ibandike kwenye niru kwa selotepu pande zote nne isibaki tundu, iache saa 24. Ukikuta matone kwa ndani au niru imekuwa nyeusi pale, usiweke chochote kwanza. Vinaili yenyewe haitaharibika ila unyevu utafungiwa chini, gundi itaachia na chumba kitanuka ukungu, na mama ana kifua umesema.

Wa Eastlands
Niko Nairobi, huku ile ya roli tunaiita mkeka wa mbao na imejaa kila mahali. Nimetumia kwa nyumba ya kupanga miaka mitatu, uzuri wake ukihama unakunja unaenda nayo. Lakini usinunue ile nyembamba sana, kila shimo la simiti linaonekana juu, na miguu ya sofa inaacha mashimo, weka vibao vipana chini yake. Zulia la mlangoni lenye mpira usiweke juu ya vinaili, langu liliacha doa la manjano na halijawahi toka. Na kama mnapikia jiko la makaa, kaa moja likianguka limetoboa, pasi pia.

Mwana Njombe
Huku kwetu baridi kali na pakavu kuliko pwani, lamineti yangu ya 8mm ina miaka sita haijavimba, tunafuta na kitambaa kilichokamuliwa. Chini niliweka nailoni kwanza ndo nikatandika sponji. Sio mbaya kila mahali jamani.

Mjenzi wa Kigamboni
Wakuu nimerudi. Nailoni nimeweka jana saa kumi na mbili jioni, leo muda huo huo nimebandua. Chumba cha watoto kikavu kabisa. Chumba cha mama matone yamejaa kama kioo cha bafuni na niru pale imeacha alama nyeusi ya mraba. Nimekaa pale chini nikaitazama nikakumbuka kila asubuhi anavyokohoa na mimi nilikuwa namnunulia dawa ya kifua. Kipande cha lamineti nilichoomba dukani nacho kimetoka kwenye ndoo kimenenepa pembeni, kidole kinakwama.

Fundi Sakafu
Bora umejua sasa. Kazunguke nyuma ya kile chumba, uangalie maji ya bati yanaangukia wapi na udongo wa nje uko juu kuliko sakafu ya ndani au chini. Mara nyingi nakuta hapo hapo. Na kitanda chake kivute mbali na huo ukuta usiku wa leo.

Mjenzi wa Kigamboni
Nimetoka kuangalia na tochi. Hakuna gata upande ule, maji yote ya paa yanapiga chini ya dirisha lake, na kifusi kilichobaki wakati wa ujenzi kimejaa mpaka karibu tofali la pili. Kesho vijana wanakuja kukiondoa na fundi bati anapima gata. Mama amehamia chumba cha watoto, watoto wako sebuleni kwenye godoro. SPC ya sebule nanunua mwisho wa mwezi, yenye mistari, 0.5. Chumba chake nitarudia nailoni masika yakiisha.

Mama Wawili
Ukirudia tuwekee majibu hapa, na mimi kesho asubuhi nabandika nailoni yangu.